Kuchomoa Flashi Bila Kupoteza Ushahidi

Tuchukue mfano wa mwenye duka aliyevunjiwa usiku. Asubuhi ananakili video ya kamera kutoka kompyuta ya nyumbani, na mara mstari wa kunakili ufikapo mwisho, anaichomoa flashi na kuja kituoni. Video haifunguki. Itambidi arudi kunakili upya, na huku mpakani mali ya wizi huweza kuvushwa ng'ambo kabla ya jioni.

Sababu ni kwamba kompyuta huweza kuiweka data kwanza katika kumbukumbu yake ya muda, ikaiandika kwenye flashi baadaye kidogo. Ni kweli kuwa Windows 10, tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, imepunguza hatari hiyo. Lakini mpangilio huo hubadilishika, wala haumkingi anayechomoa wakati uandishi ungali unaendelea.

Basi funga kila faili la flashi lililo wazi. Bofya alama ya kifaa iliyo chini ya skrini, karibu na saa, chagua amri ya kukitoa, kisha ungoje ujumbe wa ruhusa. Ukiambiwa kifaa kingali kinatumika, usikivute: zima kompyuta kabisa, ndipo ukichomoe. Diski ya nje yenye sahani inayozunguka isiinuliwe kabla haijatulia.

Video ya awali usiifute hadi askari anayepokea nakala aifungue mbele yako. Wala usikawie, kwa maana mitambo mingi ya kamera ikijaa huandika picha mpya juu ya za zamani.