MWENDO WA MACHO NA NAMNA UNAVYOPIMWA

Lishike jarida hili mbele ya macho yako, kisha litikise upesi upesi kulia na kushoto, huku kichwa chako kikiwa kimetulia. Maandishi yatavurugika na hutaweza kuyasoma. Sasa litulize jarida, na utikise kichwa kwa kasi ileile. Maandishi yatasomeka. Mtikisiko ni mmoja, lakini matokeo ni mbalimbali. Sababu ya tofauti hiyo ndiyo somo letu, na faida yake si ya madaktari pekee, kwani mwendo wa macho hutoa khabari za ubongo, za mishipa ya fahamu na za sikio.

Kila jicho huendeshwa na misuli 6, nayo hupokea amri kutoka ubongoni kwa mishipa 3 ya fahamu, ambayo wataalamu huihesabu kuwa ni wa 3, wa 4 na wa 6. Mshipa wa 6 hulielekeza jicho upande wa nje. Wa 4 hutumikia msuli mmoja, unaolishusha jicho hasa linapokuwa limeelekea puani. Wa 3 hutumikia misuli 4 iliyobaki. Pia hunyanyua kope la juu na huifanya mboni isinyae penye mwanga.

Mwendo wenyewe ni wa namna nyingi, na iliyo mikubwa ni minne:

Kwanza, mruko. Jicho linaposoma haliteleزi juu ya mstari, bali huruka, likatua, likaruka tena. Kasi ya mruko mkubwa hupindukia digrii 400 kwa sekunde.

Pili, kufuatilia. Huu ni mwendo wa taratibu, kama vile tunapomwangalia ndege akipita angani.

Tatu, kukutana. Macho yote mawili huelekea ndani kwa pamoja tunapotazama kitu cha karibu, mathalani wakati wa kutunga uzi katika sindano.

Nne, mizani ya sikio. Ndani ya kila sikio mna vijifereji 3 vyenye majimaji, vinavyotambua mgeuko wa kichwa. Kichwa kikigeuka kulia, macho hupelekwa kushoto kwa kadiri ileile, katika muda wa takriban elfu 10 za sehemu ya sekunde, yaani sehemu 10 katika kila 1,000. Hii ndiyo siri ya jaribio letu la mwanzo: sikio hulijulisha jicho mtikisiko wa kichwa papo hapo, lakini halina khabari ya mtikisiko wa karatasi, na kufuatilia kwa kuona peke yake huchelewa.

Upimaji wake hauhitaji mitambo mikubwa. Daktari humtaka mgonjwa atulize kichwa na afuate kidole kinachopita njia ya herufi H, ili kila msuli uonekane ukifanya kazi. Humulika tochi na kutazama iwapo nukta ya mwanga imekaa pahala pamoja katika mboni zote mbili. Huziba jicho moja: likiwa lile lililo wazi litasogea ili kukipata kitu linachotazama, basi hapo awali halikuwa limeelekea sawasawa. Huisogeza kalamu kuelekea puani ili aone macho yakikutana.

Kwa mwenye kizunguzungu kisichokatika, daktari humgeuza kichwa ghafla kidogo, naye akiwa amekazia macho kwenye pua ya daktari. Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1988 na Halmagyi na Curthoys wa Australia. Macho yakiteleza pamoja na kichwa, kisha yakarudi kwa mruko, aghlabu kasoro iko sikioni. Ajabu ni kwamba yasipoteleza, kizunguzungu kikiwa bado kinaendelea, ndipo daktari hukhofia kiharusi. Kwa hivyo kipimo hiki kifanywe na mtaalamu tu, wala kisijaribiwe majumbani.

Wazazi wanatanabahishwa kwamba makengeza ya mtoto si suala la sura tu. Ubongo hulipuuza jicho lililopinda, na jicho hilo likaweza kupoteza uwezo wa kuona ingawa lenyewe ni zima. Tiba ni miwani, kuliziba jicho zuri kwa muda maalumu, au operesheni, na hufaa zaidi katika miaka ya mwanzo, hasa kabla ya miaka 7. Macho ya mtoto mchanga huweza kupotoka mara mojamoja katika miezi ya awali. Lakini yakiwa yamepinda daima, au yakiendelea kupotoka baada ya miezi 4, apelekwe kupimwa. Mboni ikionekana nyeupe asicheleweshwe, kwani huenda ikawa ni saratani ya jicho.

Kwa watu wazima, anayeanza ghafla kuona vitu viwili viwili asiendeshe chombo cha moto, na aende hospitali. Wenye kisukari na shinikizo la damu wawe waangalifu zaidi. Iwapo kope limeanguka, mboni imetanuka na kichwa kinauma sana, ni dharura ya saa ileile, kwani huenda mshipa wa damu uliovimba ubongoni unaukandamiza ule mshipa wa 3 wa fahamu. Hali kadhalika kizunguzungu kinachoandamana na ulimi mzito, udhaifu wa kiungo au kushindwa kusimama.

Walimu wa skuli wanaombwa kuwajulisha wazazi wanapomwona mwanafunzi anapindisha kichwa au anafunga jicho moja ili asome. Wakuu wa kazi nao wasione taabu kumpa mzazi ruhusa ya siku moja ya kumpeleka mtoto kupimwa. Jicho lililodhoofika kwa kusubiri, miwani ya ukubwani aghlabu hairejeshi nuru yake.