Kumwajiri Fundi Rangi Katika Pwani ya Baridi

MPWA: Mjomba, nimekuja kutaka shauri. Nyumba ya mbao niliyoinunua hapa Portland, jimboni Maine, inabambuka rangi upande wa baharini, na fundi mmoja ameniahidi kuimaliza mwezi huu wa Novemba kwa nusu ya ujira wanaoutaka wenziwe. Je, nimpe kazi?

MJOMBA: Mwanangu, kabla ya ujira, muulize atafanya nini siku ya kwanza. Akikujibu kwamba atafungua kopo na kupaka, huyo atakutia hasara hata akifanya bure. Nyumba za huku si za mawe na chokaa kama zetu za Mombasa: ni za mbao, nazo mbao hunywa maji ya ukungu na theluji zikafura, kisha hukauka zikanywea, na rangi iliyopakwa juu ya ubao uliolowa husukumwa na unyevu uliomo ndani hata ikafanya malengelenge. Fundi mwaminifu huja na kipimo cha unyevu, akakichomeka ubaoni, na kikionyesha zaidi ya asilimia 15 huahirisha kazi.

MPWA: Na chumvi ya bahari ina madhara?

MJOMBA: Makubwa, kwani huvuta unyevu wa hewani na kuizuia rangi isishike. Hapana budi ukuta uoshwe kwa maji matamu, usuguliwe kuvu, hususan upande wa kaskazini usiopata jua, uachwe ukauke, ndipo ukwanguliwe na kupigwa msasa, na palipo ubao mtupu patiwe rangi ya msingi, kisha mikono miwili ya rangi yenyewe. Ujira wako wauendea hasa utayarishaji huo, na ndio anaouruka mwenye bei rahisi.

MPWA: Nitajuaje kama rangi ya zamani bado imeshika?

MJOMBA: Bandika utepe wa gundi penye ufa, uukandamize kwa kidole gumba, kisha uuvute ghafla; ukitoka na magamba, hapo pakwanguliwe. Lakini usikwangue wewe. Nyumba yako ni ya zamani?

MPWA: Ya tangu mwaka 1910.

MJOMBA: Basi chukulia kuwa rangi yake ina madini ya risasi, maana rangi ya risasi ya majumbani haikupigwa marufuku Marekani ila mwaka 1978, na vumbi lake ni sumu iharibuyo akili za watoto. Sheria ya serikali kuu yamtaka mwenye kufanya kazi hiyo kwa malipo awe na cheti; na akuonyeshe, tena atandike plastiki chini kabla ya kugusa ukuta. Wewe una wana wadogo. Katika hili usimwonee mtu muhali.

MPWA: Na Novemba je? Mchana bado kuna jua.

MJOMBA: Rangi nyingi za maji hutaka joto lisilopungua nyuzi 10 za Selsiasi, ingawa siku hizi zipo zivumiliazo hadi nyuzi 2. Lakini mwisho wa Novemba jua la hapa huchwa saa kumi na dakika chache, na umande huikuta rangi ingali mbichi, ikafifia na kutoka michirizi. Ngoja Juni.

MPWA: Naye ataka nusu ya fedha mbele.

MJOMBA: Sheria ya Maine yasema kazi ya nyumba ipitayo dola 3,000 iwe na mkataba wa maandishi, na arubuni isizidi theluthi moja. Mwache huyo. Tafuta mwingine wakati huu wa baridi, na mkatabani iandikwe idadi ya mikono, aina ya rangi na bima yake. Na kabla theluji haijaanguka, mwite mtu autazame mfereji wa paa upande ule wa baharini, kwani ukivujia ukutani, rangi itabambuka tena, na hapo apake nani?