Mafunzo Niliyopata kwa Wenye Nyumba wa Bujumbura

Najua huna nia ya kubaki kwenye vyumba viwili maisha yote. Utatoka Buyenzi uende Kinindo, au utajenga kwako Gihosha. Kabla hujafunga mizigo, sikiliza habari ya garanti, ile pesa ya miezi kadhaa tunayomwachia mwenye nyumba, na ambayo wengi wetu tukishaitoa hatuioni tena.

1. Kagua kabla kitanda hakijaingia

Kule Nyakabiga sinki lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Niliuona siku ya kwanza, nikanyamaza, nisije nikaonekana mpangaji mwenye maneno mengi. Siku ya kuhama mwenye nyumba akaupitishia ukucha: "Na huu nao, kaka?" Nikabaki natoa macho.

Sheria ya mikataba tuliyoachiwa na Wabelgiji, ya tarehe 30 Julai 1888, inasema kwamba hali ya nyumba ikiwa imeandikwa, mpangaji huirudisha kama alivyoipokea, isipokuwa kilichochakaa kwa umri au kuharibiwa na janga lisilozuilika. Rangi iliyofifia, basi, si deni lako. Ila bila karatasi ni neno lako na lake, na pesa iko mfukoni mwake. Siku hizi naandika vitasa, vioo, mabomba, hata balbu, tunatia sahihi wote wawili, na picha napiga. Makomisioneri, yaani madalali wa nyumba, hunicheka.

2. Usile garanti

Mjini hapa ni desturi: miezi ya mwisho hulipi, unasema "nakula garanti". Nilijiona mjanja. Cha ajabu, mwenye nyumba hakunigombeza hata kidogo. Alisubiri mpaka siku ya funguo, akatoa orodha ya matengenezo, nami sikuwa tena na kitu cha kujadiliana naye. Mkikubaliana garanti ilipie kodi, iandikwe. Na preavi, taarifa ya kuhama, iwe barua. Nakala yenye sahihi yake ikae kwako.

3. Soma mita pamoja naye

Kama nyumba inatumia fakture ya Regideso, shirika la maji na umeme, andikeni namba za mita siku ya kukabidhi. Mimi niliwahi kulipia maji ya mtu aliyehamia baada yangu.

4. Faranga ikilala, inapungua

Hili sikulitarajia kabisa. Nilipata mwenye nyumba mwaminifu, akanirudishia garanti yote, faranga kwa faranga, na bado nikapata hasara. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga: kwa kiwango rasmi, dola iliyokuwa kama 2,000 na kidogo ikapita 2,800. Kodi za mjini zilikuwa zimepanda, na pesa niliyorudishiwa haikukaribia garanti ya nyumba mpya. Nimuulize nani? Mzee wa watu hakuniibia. Tangu hapo, nikiombwa garanti kubwa, najaribu kuipunguza nilipe kodi ya miezi zaidi mbele. Kodi ya mbele naikalia mwenyewe.

5. Wazee kabla ya hakimu

Kwa pesa kama hizi kuna tribinali ya rezidansi, mahakama ya ngazi ya chini, lakini hesabu kwanza nauli na siku za kazi utakazopoteza. Mimi huanzia kwa bashingantahe, wazee wa usuluhishi wa mtaa. Mwenye nyumba anayemsubiri mpangaji mpya hapendi majirani wasikie kwamba harudishi garanti za watu.