Ganzi ya Mbuzi: Ipime Kabla ya Kukata

Kule Longech, kwenye ulimi wa mchanga unaotenga Ghuba ya Ferguson na Ziwa Turkana, mfugaji anajua adha ya mathenge, mti ambao Waturkana huuita etirae. Mwiba wake ukivunjikia mguuni mwa mbuzi, mguu hufura na lazima upasuliwe. Wapo wanaopaka krimu ya ganzi na kukata papo hapo. Mbuzi analia, na dawa inalaumiwa kuwa feki.

Mara nyingi dawa ni nzima. Kosa ni haraka. Ngozi imeumbwa kuzuia vitu visipenye, na manyoya huzidisha kizuizi hicho. Krimu ya lidokaini na prilokaini, asilimia 2.5 kila moja, huhitaji takriban saa moja juu ya ngozi isiyo na kidonda. Basi nyoa bila kuchubua, osha, kausha, paka kwa unene, funika kwa plastiki, funga bendeji, na umzuie mnyama asiirambe.

Saa ikitimia, futa krimu, kisha pima. Dunga kidogo kwa sindano safi mahali pasipopakwa, uone anavyoshtuka, halafu dunga palipopakwa mara kadhaa. Usimwamini mbuzi aliyetulia tu, maana woga nao humgandisha. Tazama ngozi inavyocheza na mguu unavyorudi nyuma. Ndivyo walivyofanya watafiti. Mwaka 1884 huko Vienna, Carl Koller alitia kokeini kwenye jicho la chura, kisha akaligusa kwa sindano. Mwaka 1945 Edith Bülbring na Wajda walipima ganzi iliyodungwa ngozini mwa simbilisi: walichoma mara sita na kuhesabu michomo ambayo mnyama hakuitikia.

Hata ikishika, krimu hufika milimita chache tu. Mwiba uliozama unataka ganzi ya sindano, na hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Mbuzi hudhurika upesi kwa lidokaini: ikikadiriwa miligramu 5 kwa kila kilo, mbuzi wa kilo 20 hapaswi kuzidi mililita 5 za dawa ya asilimia 2. Akianza kutetemeka misuli, kuyumba au kupata degedege, dawa imezidi. Mwite daktari mara moja. Usipake krimu kwenye kidonda kikubwa kilicho wazi, kwani huko huingia kwenye damu kwa kasi. Na kabla ya kukama au kuchinja, muulize daktari usubiri siku ngapi.