SOMO LA GARI: JOTO LA GIABOKSI NA KAZI YA THAMOSTATI



Msimu wa mavuno ukikaribia, mengi huyawaza: wachumaji, majamvi, magunia na jua. Gari hatuliwazi mpaka siku litakaposimama kilimani na karafuu mbichi nyuma. Hapo ndipo hasara huanza, maana karafuu mbichi zilizolundikana hupata moto zenyewe, na zikikawia kuanikwa huharibika rangi na kuota ukungu.

Mimi yamenipata hayo. Gari langu dogo la mizigo, lenye gia za kujibadilisha zenyewe, lilianza kuteleza kwenye mwinuko: injini yalia, gari haliendi. Fundi alipofungua, oili ya giaboksi ilitoka nyeusi, ikinuka kama kitu kilichoungua. Fedha za kutengeneza zilikula sehemu kubwa ya mavuno ya mwaka ule. Basi niliyojifunza kwa gharama, yafaa wenzangu wayapate bure.

JOTO LATOKA WAPI?

Gia za kujibadilisha zenyewe si jambo jipya duniani. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilizitia katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Kwetu zilikuwa nadra, lakini siku hizi magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani ni ya namna hiyo.

Gari la gia za mkono lina klachi inayoamriwa na mguu wa dereva. Gari la otomatiki halina klachi hiyo. Mahali pake pana bakuli la chuma lililojaa oili, nalo huitwa konveta. Ndani yake mna mapangaboi mawili yanayoelekeana. Injini hulizungusha la kwanza, nalo huirusha oili. Oili hulisukuma la pili, na hilo huendesha giaboksi. Pangaboi la pili likibaki nyuma ya la kwanza, nguvu iliyopotea hapo katikati hugeuka joto. Sugua viganja vyako kwa nguvu, utafahamu.

Kwenye njia tambarare, gari likishika mwendo, klachi ndogo iliyomo ndani ya konveta hufunga, mapangaboi huenda pamoja, na joto hupungua. Lakini ukipanda kilima polepole na mzigo mzito, klachi ile haifungi. Oili husukwasukwa mfululizo na kuzidi kupata moto. Ndiyo maana gari laweza kwenda mjini mwaka mzima bila neno, likaungua kwa wiki chache za mavuno.

OILI HUFA KWA MOTO

Mafundi wana kanuni ya zamani: oili ya giaboksi ikikaa kwenye digrii 80 hivi za sentigredi, huweza kwenda kilomita 160,000; na kila joto likizidi kwa digrii 11, umri wake hukatika nusu. Kwa hesabu hiyo, kwenye digrii 91 ni kilomita 80,000. Kwenye digrii 102 ni 40,000. Kwenye digrii 113 ni 20,000 tu. Oili za kisasa hustahimili zaidi, basi hesabu hii ichukuliwe kuwa mwongozo, si sheria. Lakini njia inayoonyesha ni ya kweli. Joto likifika digrii 127 hivi, mipira ya kuzuia oili huanza kukakamaa. Na likikaribia digrii 150, sahani za klachi huteleza na kuungua.

THAMOSTATI YAFANYA NINI?

Thamostati ni mlango mdogo unaofunguliwa na joto. Ndani yake mna kidonge chenye nta. Nta ikipata moto huyeyuka na kuvimba, ikasukuma pini, na mlango ukafunguka. Ikipoa, springi huurudisha mlango.

Hapa ndipo wengi huchanganya, kwa kuwa thamostati ni mbili. Ya kwanza ni ya injini, inayotawala maji yaendayo kwenye rejeta. Karibu kila gari la kupozwa kwa maji hutengenezwa nayo. Ya pili ni ya giaboksi, inayotawala oili iendayo kwenye kipozeo chake. Hiyo baadhi ya magari yanayo na mengine hayana.

Mfano unaojulikana sana ni magari ya mizigo ya Marekani, Chevrolet Silverado na GMC Sierra ya miaka 2014 hadi 2018, yenye giaboksi ya gia sita. Kwenye mabomba ya oili pana valvu yenye kidonge cha nta. Oili ikiwa haijapata moto, valvu huirudisha kwenye giaboksi bila kuipitisha kwenye kipozeo. Watengenezaji walikuwa na sababu yao: oili yenye moto huwa nyepesi, haizuii vyuma kuzunguka, na petroli huokolewa. Tena kwao kuna theluji, na oili ya baridi huwa nzito. Lakini wenye magari hayo walipopima waliona oili yao yakaa karibu na digrii 90 hata bila mzigo.

Baadhi yao wakaifungua valvu ile na kukigeuza kidonge na springi yake, ili njia ya kipozeo ibaki wazi daima. Wengine wakanunua valvu ya badala inayofunguka mapema zaidi. Joto la kila siku likashuka mpaka digrii 60 au 70 hivi, kwa kadiri ya hewa na mzigo.

FAIDA NA MPAKA WAKE

Tusidanganyane. Kwenye kilima kirefu na mzigo mzito, hata valvu ya kiwandani huwa imekwisha kufunguka. Hapo kinachookoa gari ni ukubwa na usafi wa kipozeo. Faida ya kubadilisha valvu ni kwamba gari huanza kilima na oili ya digrii 65 badala ya 90, basi huwa na nafasi kubwa kabla ya kufika kwenye hatari. Nayo oili huishi zaidi katika kazi za kila siku.

Katika nchi ya baridi kali jambo hili lina madhara: oili hukawia kupata moto na gia huingia kwa kishindo. Hapa kwetu baridi ya namna hiyo hatuna, hata asubuhi ya mwezi wa Julai. Hata hivyo valvu ya kufunguka mapema ni bora kuliko kidonge kilichogeuzwa, kwani huiacha oili ipate moto kidogo kwanza, kisha huipoza.

USIITOE THAMOSTATI YA INJINI

Liko kosa moja limezoeleka. Gari likichemsha, fundi hung'oa thamostati ya injini na kuitupa, akidhani amelifungulia gari baridi. Gari likienda bila mzigo, injini hukaa baridi kupita kiasi. Hula petroli nyingi, husagika mapema, na katika magari ya kompyuta taa ya injini huwaka. Tena katika injini nyingi thamostati ndiyo pia huziba njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na kilimani gari huchemsha kuliko mwanzo!

Na katika magari mengi, oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo. Injini ikichemsha, giaboksi nayo huungua. Basi ikiwa thamostati ya injini imekufa, tia nyingine mpya yenye digrii zilizoandikwa katika kitabu cha gari.

HATUA ZA KUFUATA

1. Pima kwanza. Kipo kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kompyuta chini ya usukani, na katika magari mengi huonyesha joto la giaboksi kwenye simu. Panda kilima unachokijua, na mzigo unaoujua, uandike digrii.

2. Tazama oili. Kimo chake kipimwe kama kitabu kisemavyo. Ikiwa nyeusi na yanuka kuungua, mpelekee fundi kabla ya jambo jingine lolote. Thamostati haitaponya klachi iliyokwisha kuungua.

3. Safisha rejeta na kipozeo. Udongo na majani yaliyoziba matundu huzuia upepo. Tumia maji ya nguvu ndogo, usije ukapinda mapezi yake.

4. Mwulize fundi kama giaboksi yako ina valvu ya joto. Kama haina, hakuna cha kugeuza. Dawa yako ni kipozeo cha nje, kifungwe mbele ya rejeta, oili ikipita kwanza kwenye rejeta kisha humo.

5. Kama ipo, kazi ifanywe gari likiwa baridi. Oili ya moto huunguza ngozi, na kifuniko cha valvu kina springi inayoweza kuruka machoni. Oili iliyomwagika irudishwe kwa kadiri ile ile na ya aina ile ile. Aina nyingine huharibu klachi.

6. Pima tena kwenye kilima kile kile na kwa mzigo ule ule. Namba zisiposhuka, kuna ugonjwa mwingine.

Na dereva naye ana wajibu. Kwenye mwinuko mkali aweke gia ya chini, asiiache giaboksi ikihangaika kupanda na kushuka gia. Gari likikwama matopeni asikanyage petroli kwa muda mrefu, maana hapo konveta huchemka kwa dakika chache tu. Tena asipakie kupita kiasi. Safari mbili za mzigo wa wastani ni rahisi kuliko giaboksi moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini joto la giaboksi huzidi kilimani kuliko tambarare?
2. Thamostati mbili za gari ni zipi, na kila moja yatawala nini?
3. Oili iliyokuwa ikikaa digrii 102 ikishushwa mpaka 80, umri wake huongezeka mara ngapi kwa kanuni ya mafundi?
4. Kwa nini kung'oa thamostati ya injini huweza kulifanya gari lichemshe zaidi?

Majibu yote yamo katika somo hili. Msomee dereva wako, na kijana wako anayejifunza gari. Kazi hizi zifanywe sasa, mikarafuu ikiwa bado haijaiva, wala si siku ile magunia yamekwisha kupakiwa na mawingu yamekwisha kutanda.