Dawa za Maumivu kwa Anayebadilishiwa Nyonga au Goti

Mtu anayefikia hatua ya kubadilishiwa nyonga au goti kwa kawaida huwa ameishi na maumivu kwa miaka. Katika miaka hiyo amezoea kujitibu: diklofenaki ya duka la dawa, mizizi ya kuchemsha, kidonge cha jirani. Mazoea hayo yasipotajwa hospitalini huweza kumdhuru. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba daktari aijue kila dawa unayotumia, kabla ya upasuaji na baada yake.

Kabla ya upasuaji

Kusanya dawa zako zote pamoja na pakiti zake, uende nazo kliniki. Usione haya kutaja za kienyeji. Aspirini, warfarini na baadhi ya mitishamba hufanya damu ichelewe kuganda, na daktari huweza kukuelekeza usitishe baadhi yake siku kadhaa kabla. Hata hivyo, usiache kwa uamuzi wako dawa uliyoandikiwa. Eleza pia iwapo una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, kisukari, jino bovu au kidonda kisichopona, kwa kuwa vijidudu huweza kusafiri katika damu hadi kwenye kiungo bandia.

Baada ya kurudi nyumbani

Maumivu ya wiki za mwanzo ni ya kawaida, lakini hatushauri kuyavumilia kimya. Anayeshindwa kukunja goti kwa maumivu hafanyi mazoezi, na goti lisilofanyiwa mazoezi hukakamaa. Meza dawa kwa saa ulizopangiwa, na umwulize daktari kama dozi mojawapo inaweza kutangulia mazoezi.

Soma majina ya viambato kwenye pakiti. Parasetamo kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500; mwenye uzito mdogo au ugonjwa wa ini hupangiwa pungufu. Vipo vidonge vyenye diklofenaki na parasetamo kwa pamoja. Anayevimeza, kisha akaongeza parasetamo, huzidisha dozi bila kujua, na ini huweza kuharibika. Vilevile, diklofenaki na ibuprofeni zisitumiwe pamoja, kwani huongeza hatari kwa tumbo na figo.

Tramadoli na mofini hutumiwa kwa cheti cha daktari na kwa muda mfupi. Huleta usingizi na choo kigumu. Zikichanganywa na pombe au dawa za usingizi, huweza kudhoofisha upumuaji hata kusababisha kifo. Usimpe mtu mwingine. Zinazobaki zirudishe kwa mfamasia.

Rudi hospitali bila kukawia iwapo:

- shavu la mguu linavimba na kuuma;
- kifua kinauma au unapumua kwa shida;
- kidonda kinatoa usaha, au una homa;
- choo ni cheusi kama lami.

Dawa ikikuletea madhara, mweleze daktari au mfamasia, nasi utupatie taarifa. Taarifa yako hutusaidia kumlinda mgonjwa mwingine.