"Disco Chakacha": Neno Kuu ni Lipi?

Miongoni mwa nyimbo za Mombasa zilizovuma katika miaka ya 1980, "Disco Chakacha" ya bendi ya Mombasa Roots inastahili kuchunguzwa kuanzia kwenye jina lake. Bendi hiyo ilijijengea sifa kwa kutumbuiza katika mahoteli ya pwani. Kwa wimbo huu iliukutanisha mdundo wa disko, uliokwisha kuenea duniani baada ya filamu ya Saturday Night Fever (1977), na ngoma ya arusini ya wanawake wa Kiswahili.

Kirai nomino cha Kiswahili hutanguliza neno kuu, vivumishi vikafuata. Kwa kanuni hiyo chakacha hapa ni sifa tu: ni disko la namna ya chakacha. Lakini anayeusoma mpangilio huo kwa sarufi ya Kiingereza hupata kinyume chake, yaani chakacha ya namna ya disko. Kihusishi -a kingeondoa utata huo, nacho hakikutumiwa. Kwa maoni yetu kukosekana kwake kuliufaa wimbo wenye wasikilizaji wa aina mbili.

Kimdundo, mgongano ni mdogo kuliko unavyodhaniwa. Disko huwa na mapigo manne yaliyo sawa, ngoma kubwa ikilia katika kila pigo. Chakacha huwa na mapigo mawili, kila moja likigawanyika mara tatu. Mawili hayo yakirudiwa huwa manne. Basi mguu waweza kufuata disko huku kiuno, kilichofungwa kibwebwe, kikifuata chakacha.

Kilichobadilika hasa ni hadhira. Chakacha ilichezwa na wanawake peke yao, na faragha hiyo ndiyo iliyoruhusu mafumbo yasiyotamkika mbele ya wanaume. Ukumbi wa disko humpokea yeyote aliyelipa kiingilio. Fumbo nalo humtaka msikilizaji amjue anayelengwa. Mgeni wa hotelini hamjui, na mara nyingi hata lugha haijui.

Hali ni tofauti tukishuka hadi Uzaramoni, Kisarawe na Kibaha zikiwamo. Mchiriku, uliochipuka katika ngoma za Wazaramo na kushamiri Dar es Salaam katika miaka ya 1990, ulipokea kinanda kidogo cha Casio na vipaza sauti, wala haukuazima jina la disko. Ulibaki kupigwa uani na mitaani, arusini hasa, mbele ya majirani wanaojua vyema nani anasemwa.